Tulivyomtafuta Mkuu wa Kaya

Sina heshima na mtu anayezungumzia kazi ya vijijini huku viatu vyake vinang'aa. Mratibu wa utafiti wetu alitua Songwe kwa ndege, akapokelewa na gari la kukodi, na siku zote za mafunzo pale Mbeya mjini hakutoka nje ya ukumbi wa hoteli ila kwenda barazani kulalamikia baridi. Alikuwa amenunua koti zito kwa ajili ya baridi ya huku, na karatasi ya bei ilikuwa bado inaning'inia kwenye mkono wa koti. Siku nzima tuliitazama ile karatasi ikicheza kila alipoonyesha kitu ukutani, na hakuna aliyemwambia. Mimi ndiye niliyewakataza wenzangu wasimwambie.

Nilikuwa msimamizi wa timu ya wadodosaji, wale watu wanaopita nyumba kwa nyumba na maswali. Kazi hiyo nimeifanya tangu dodoso likiwa kitita cha karatasi cha kubeba begani, mpaka leo tunatembea na vishikwambi. Mimi mtoto wa Mlandege, Iringa mjini, nyumba ya wauza vitenge. Bibi yangu mzaa baba alitoka pwani, na mpaka anaingia kaburini alikuwa akiwaita watu wa huku “hawa wenyeji.” Lakini vilima hivi nimevipanda kuliko mapadri. Nikifika mahali na hijabu yangu wananitazama kidogo, nawapa salamu yao, “kamwene,” wanacheka, tunaanza kazi.

Utafiti wenyewe ulihusu kaya: nani anaishi humo, wanalima nini, wanakula nini, nani anaamua. Swali la kwanza kabisa lilikuwa, “Nani mkuu wa kaya hii?” Kila kitu kilining'inia hapo. Ukishaandika jina la mkuu, kishikwambi kinakutaka umhoji yeye mwenyewe. Kama hayupo, unarudi mara tatu kwa nyakati tofauti. Ikishindikana unampigia simu. Simu nayo ikishindikana, kaya inaandikwa kwamba imeshindikana, na huko ofisini kwenye skrini ya mratibu inawaka nyekundu. Alipotueleza hayo alitabasamu, kwa sababu yeye ndiye aliyeyatunga.

Wiki ya kwanza, kwenye vijiji vya wakulima juu ya jiji la Mbeya, skrini ikawaka nyekundu tupu.

Nilikwenda kuona mwenyewe. Mdodosaji wangu mmoja, binti aliyemaliza chuo na mwenye adabu kupita kiasi, alikuwa amerudi nyumba moja mara tatu. Asubuhi alienda, jioni alienda, Jumapili baada ya ibada alienda. Kila mara mama wa nyumba alimkaribisha vizuri, akampa kiti, akamtajia jina la mkuu wa kaya, ambaye ni mume wake, na kumwambia kwamba kwa sasa yuko yeye tu. Siku ya nne tulifika wote wawili, na binti akafuata kanuni: akapiga simu kwa namba aliyopewa na mama huyohuyo. Simu ikaita ndani ya khanga ya yule mama. Akaitoa, akaiangalia, akapokea mbele yetu.

“Haloo,” akasema.

Binti, kwa kuwa ndivyo alivyofundishwa, akamwomba kwa simu azungumze na mwenye namba.

“Mwenyewe alishafariki, mwanangu,” yule mama akamjibu, kwa simu naye, hatua mbili kutoka tulipokaa. “Lakini laini ni ya kwake.”

Nilicheka mpaka nikaona aibu. Kisha nikamuuliza mama kwa nini hakusema tangu mwanzo, akanishangaa. Hakuna aliyemuuliza kama mume ni hai. Ameulizwa mkuu wa nyumba ni nani, naye akamtaja aliyeijenga. “Nani alimwondoa?” akaniuliza. “Ukoo haujakaa, wazee hawajasema. Sasa mimi nitasemaje ni yangu?”

Mtu wa huku haelezwi mara mbili. Mwanaume akifa, nyumba inabaki ya kwake mpaka ndugu zake wakae kikao na kusema vinginevyo, na wakati mwingine hata baada ya hapo. Mjane akifungua mdomo akasema “mkuu ni mimi,” mbele ya mgeni mwenye kalamu, jua halizami kabla maneno hayajafika kwa mashemeji kwamba ameshajitwalia mali. Kwa hiyo wanawake wale walikuwa wanatupa jibu la salama. Na sisi, watu tuliosoma, tukawa tunapanda vilima asubuhi na jioni kuwatafuta marehemu.

Mratibu alikuwa na neno analolipenda, “kubadilika kulingana na data.” Akabadilika. Kwanza akaamuru twende alfajiri, kabla wakuu wa kaya hawajatoka kwenda shamba. Ilipokuwa nyekundu bado, akaamuru Jumamosi. Mwisho akapata akili kubwa kuliko zote: kaya ambayo mkuu wake hapatikani siku ya kwanza iachwe, ichukuliwe ya jirani. Nyekundu ikaisha kwa siku mbili. Akatutumia ujumbe kwenye kundi la simu, “Hongereni Mbeya, tumeonyesha unyumbufu,” na picha ya mikono inayopiga makofi.

Nikampigia. Nikamwambia, “Kaka, unajua unaowaacha ni akina nani? Ni wajane. Unawatupa wajane wote.”

“Dada, sampuli yetu ni ya nasibu,” akanijibu kwa ile sauti ya kumbembeleza mtoto. “Mjane na asiye mjane wana nafasi sawa ya kuchaguliwa.”

“Ya kuchaguliwa, ndiyo. Ya kubaki je?”

Akasema nimuandikie barua pepe. Mtu mzima huyo, na shahada zake, alikuwa tayari kuandika kwenye ripoti kwamba Nyanda za Juu Kusini karibu kila nyumba ina baba. Nilimdharau siku ile kwa dharau safi, isiyo na hasira hata kidogo, na nakiri ilinipa raha.

Makongolosi tulipita haraka. Huko kwenye machimbo ya dhahabu kila tuliyemuuliza alikuwa mkuu wa kaya ya mtu mmoja na godoro lake, mahojiano yakawa mafupi, mratibu akafurahi. Lakini tuliporudi kwenye vijiji vya wakulima nikaamua kufanya nijuavyo. Nikawakataza wadodosaji kuuliza lile swali mlangoni. Kaa kwanza, nikawaambia. Kama mama anapukuchua mahindi, pukuchua naye. Halafu liulize vipande vipande. Nani anaamua mahindi yapi yauzwe na yapi yabaki ya kula? Mchango wa shule ukija, anaitwa nani? Paa likivuja, nani anatafuta fundi?

“Mimi,” walikuwa wanasema. “Mimi. Sasa nani mwingine?”

Hakuna mjane aliyetamka kwamba yeye ni mkuu wa kitu chochote. Sisi tulijaza wenyewe, tukiwa tumeshafika barabarani. Kazi ikaenda, na safari hii ilienda kwa haki.

Kosa langu la kwanza nililifanya kwa sababu ya kutaka sifa. Kanuni ilisema badiliko lolote la njia ya kukusanya data liandikwe na kutumwa ofisini. Ningeweza kuandika mistari miwili. Nikaandika kurasa mbili, nzuri, na mifano, ili yule bwana aone kwamba kuna watu wanafikiri bila kuvaa koti.

Akaona. Tulipokutana Iringa kuanza awamu ya pili, maneno yangu yalikuwa ukutani kwa herufi kubwa, yakiitwa “mbinu yetu mpya,” na yetu hiyo ilikuwa yake. Hilo nililitegemea. Nisilolitegemea ni alichokiongeza. Alisema kwa kuwa sasa mdodosaji ndiye anayeamua mkuu ni nani, wafadhili watauliza ushahidi uko wapi. Kwa hiyo pangekuwa na fomu ya karatasi. Kila kaya yenye utata, mhojiwa atatamka kwa kinywa chake mkuu wa kaya ni nani, fomu itasomwa kwa sauti mlangoni, na zitawekwa saini tatu: ya mhojiwa, ya balozi wa nyumba kumi, na ya msimamizi. Nakala moja ije ofisini, nyingine abaki nayo balozi.

Nikanyoosha mkono. “Balozi huko kijijini unamjua ni nani? Ni kaka wa marehemu. Au ni mtoto wa baba yake mdogo. Nyumba kumi zote ni ukoo mmoja.”

“Ndiyo maana anaifahamu kaya vizuri,” akasema.

 Ningeweza kuendelea, na wote ukumbini walinitazama wakitegemea niendelee, kwa sababu mdomo wangu unajulikana. Lakini wiki hiyo ndiyo alikuwa anaandika orodha ya wasimamizi wa utafiti unaofuata. Nikachukua fomu zangu nikakaa.

Timu yangu ilipangiwa Kilolo. Ukisimama Ilula, pale wasafiri wanapotolea mikono madirishani kununua nyanya, nyanya zenyewe hazitoki pale barabarani. Zinatoka huko juu, na huko juu ndiko tulikoelekea. Mama tuliyepangiwa siku hiyo alikuwa amekaa mlangoni pa jiko lake la nje, nyuma ya nyumba, anachagua nyanya za kupanga kwenye tenga, ngumu chini, laini juu. Nikakaa nikachagua naye. Alikuwa na umri wa dada yangu mkubwa, na alinieleza mambo yake bila kuombwa, kwa sababu yalikuwa yamemjaa kifuani.

Mume alikuwa amefariki, na arobaini ilikuwa imekwisha. Nyumba ile ya matofali ya kuchoma waliijenga wote wawili. Udongo aliukanyaga yeye, maji ya kufyatulia aliyapandisha yeye kutoka bondeni akiwa na mimba ya binti wa pili. Sasa shemeji yake, mdogo wa marehemu, alikuwa anasema nyumba na shamba la bondeni ni vya ukoo, na mwanamke aliyezaa mabinti tupu atarudi kwao. Kikao cha ukoo cha kumchagua msimamizi wa mirathi kilikuwa wiki inayofuata. Mama naye hakulala. Alikuwa ameshawaendea wazee, na wawili wenye neno walikuwa wamekubali kwamba asimamie yeye, akae na watoto wake.

“Mimi nanyamaza tu,” akaniambia. “Nikinyamaza mpaka siku ile, wao ndio watasema. Nikisema mimi, nimeharibu.”

Nikamuuliza maswali yangu ya vipande. Mahindi? “Mimi.” Fundi? “Mimi.” Kishikwambi kikajaa vizuri. Ikabaki fomu.

Sikuhitaji kumtafuta balozi. Ofisi ilikuwa imewatumia mabalozi wote ujumbe, na huyu alikuwa amekaa kwenye benchi la mbele ya nyumba tangu tulipofika, miguu ameinyoosha. Nilipomsalimia akajitambulisha, na ndipo nilipoelewa. Balozi alikuwa ndiye yule shemeji.

Hapa naomba nisijisafishe. Kwenye kile kishikwambi palikuwa na kibonyezo cha “amekataa kujibu.” Ningekibonyeza, nikaaga, nikashuka zangu Ilula, mama yule asingedhurika kwa lolote. Lakini timu yangu ilikuwa na waliokataa wengi wiki ile, na kila aliyekataa alikuwa doa jekundu kwenye jina langu. Nikajiambia ni karatasi tu. Tukazunguka mbele, nikasimama mlangoni, nikaisoma kwa sauti kama ilivyoagizwa: “Mimi niliyetajwa hapo juu natamka kwamba mkuu wa kaya hii ni.” Nikangoja.

Mama alikuwa ameshika nyanya moja, anaizungusha mkononi.

“Sema tu, shemeji,” balozi akasema kwa upole kabisa. “Serikali inauliza.”

“Si serikali,” nikasema, “ni utafiti.” 

Nilijua mama anachopima. Akisema “mimi,” mbele ya yule mtu, wiki moja kabla ya kikao, atakuwa amejitwalia nyumba kabla ya wazee kufungua mdomo, na wale wazee wawili wataona aibu kumtetea. Akiliacha wazi, shemeji atasema ana jambo analolificha. Alitafuta jibu la salama, kama wenzake wa Mbeya walivyofanya. Ila wao walikuwa na marehemu wa kumtaja. Kwenye fomu ya mratibu, chini ya nafasi ya jina, palichapwa kwa wino mzito: awe mtu aliye hai.

“Andika ni shemeji,” akasema.

“Mama, una hakika?”

“Andika, mdogo wangu, maneno yaishe.”

Nikaandika. Akaweka saini yake polepole, herufi moja moja. Balozi akaweka yake. Mimi nikaweka yangu, kubwa, ya kiofisi, na tarehe. Balozi akaikunja nakala yake mara mbili, akaitia mfuko wa shati. Kabla hatujafika kwenye gari, ile kaya ilikuwa imeshageuka kijani kwenye skrini.

Wiki iliyofuata tulikuwa bado vijiji vya jirani. Binti mkubwa wa yule mama alinipigia, namba yangu alikuwa ameitoa kwenye karatasi ya mawasiliano tunayoacha kwa wahojiwa. Akaniambia wazee wamekaa, kuna karatasi imeletwa, mama anaomba nije niseme ni ya nini.

Nilimpigia mratibu kwanza. Nikamweleza yote, nikamwomba anipe ruhusa niwaambie wazee kwamba fomu ile haina maana yoyote nje ya utafiti, na yeye atume barua yenye mhuri kusema hivyo.

“Dada, majibu ya mhojiwa ni siri,” akasema. “Ukienda kuyazungumza mbele ya watu, hilo ni kosa la kimaadili. Tutalazimika kukuchukulia hatua.”

Astaghfirullah. Mtu aliyeagiza jibu la mjane lisomwe kwa sauti mlangoni, mbele ya anayemwandama, kisha akampa huyo huyo nakala aende nayo nyumbani, ananifundisha mimi siri. Nilimwambia maneno ambayo marehemu bibi yangu asingependa kuyasikia kinywani mwangu, nikakata simu, nikapanda kilima.

Wazee walikuwa wamekaa uani kwenye viti vya mbao, karibu kumi, na katibu wao ana daftari juu ya goti. Shemeji alikuwa pembeni, amevaa suti. Mama alikuwa chini kwenye mkeka na mabinti zake wawili, na fomu ilikuwa kwenye kigoda katikati, imewekewa jiwe isipeperuke. Nilipewa kiti. Nikasema yote niliyokuja kusema. Nikawaambia ile ni karatasi ya utafiti, si ya mahakama, haigawi mali, haimpi mtu nyumba. Nikawaambia mama alijibu vile kwa sababu alihofia, na kwamba fomu imetungwa na mtu asiyejua kijiji ni nini. Nilisema vizuri, nadhani sijawahi kusema vizuri vile. Walinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza.

Mzee aliyeongoza kikao, mmoja wa wale wawili waliokuwa upande wa mama, akavaa miwani yake, akaiinua ile karatasi.

“Tumekuelewa, mama,” akaniambia. “Na ahsante kwa kupanda mlima. Sisi wazee tunauliza dogo tu. Hapa pameandikwa mkuu wa nyumba ni huyu kijana wetu. Aliyetamka ni mama huyu mwenyewe, kwa kinywa chake?”

Nikamtazama mama. Alikuwa anatazama mkeka.

“Alitamka yeye,” nikasema, “lakini, mzee wangu…”

“Kuna mtu alimshika mkono?”

“Hapana.”

“Na hii saini ya tatu, hii kubwa, ni ya nani?”

“Ni yangu.”

Akaivua miwani, akamgeukia katibu mwenye daftari, akamwambia, “Andika kama karatasi inavyosema.”